Barua Mbili na Vigingi vya Babu Yako

Mwanangu Benedikto,

Wewe umekwenda kuwaaga ndugu za mama yako, na mimi nimebaki hapa barazani na wino wa shule, namwandikia mtu ambaye jioni nitakula naye sahani moja. Ukiona ni upuuzi, vumilia. Yapo mambo ambayo mzazi hawezi kumwambia mwanawe uso kwa uso, na mimi tangu zamani ni hodari wa kalamu kuliko wa ulimi, ingawa utaona hapa mbele kwamba hata huo uhodari wa kalamu una walakini wake.

Leo nina furaha, nikwambie kwanza hilo. Mpunga umekauka vizuri uani, dada yako Agata anafukuza kuku huku akijifanya mwalimu anayekemea darasa, na mama yako anakukaushia samaki wa njiani wanaotosha kulisha kikosi. Mambo ya safari nimemwachia yeye. Amekwisha kukuambia habari ya dawa ya homa, ya wenye mikono mirefu huko stesheni, na ya gari la moshi kwamba usitoe kichwa dirishani. Amekuambia mara tatu, na kesho alfajiri atakuambia ya nne. Mimi nataka kusema jambo moja tu la kazi unayoiendea, kwa kuwa niliifanya kabla yako, na niliifanya vibaya.

Huko pwani utakaa katika nyumba ya gazeti. Barua za habari zitakujia kutoka kila pembe ya nchi, zimeandikwa na walimu na makarani wa bara kama mimi. Utazisoma, utazikata, utazinyoosha, kisha zitapigwa chapa, na baada ya miezi miwili zitasomwa kwa sauti mbele ya maduka hadi huku kwetu Ifakara. Katika kazi hiyo utakutana na neno moja dogo, nawe utalipenda, maana sijaona mwandishi wa habari asiyelipenda. Ni neno “ili”.

Utaliona kila mahali. Jumbe fulani ametengeneza barabara ili watu wapite kwa raha. Watu wa mahali fulani wamelima pamba ili wapate ustaarabu. Bwana mkubwa amesafiri siku kumi ili kutazama hali ya raia. Inapendeza masikioni, sivyo? Lakini muulize yule jumbe, atakwambia alitengeneza barabara kwa kuwa aliambiwa isipokwisha kabla ya masika atafungwa. Wale wa pamba walilima kwa sababu kiboko kilikuwa nyuma yao. Na bwana mkubwa, wapagazi wake wanasema, alikuwa akitafuta ndovu. Mwandishi aliiona barabara, akaiona pamba, akauona msafara. Hiyo “ili” hakuiona popote, aliitoa mfukoni mwake.

Najua kwa sababu mfuko wangu ulikuwa umejaa. Nilipoanza kupeleka habari zangu za mwezi niliandika kama mtoto anavyosimulia: mvua imenyesha, mto umejaa, kiboko amemuua mtu. Mkubwa wa gazeti wa wakati ule akaniandikia: “Mwalimu, habari zako ni nzuri lakini zina upungufu. Unatuambia watu wamefanya nini, hutuambii kwa shabaha gani. Wasomaji wanapenda kujua.” Nikaona aibu. Tangu mwezi ule kila habari yangu ilivaa “ili” yake, na nilipokuwa siijui nilikaa nikaishona mwenyewe.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Jirani yetu mmoja alijenga nyumba ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Nikaandika kwamba amejenga ili aoe mke wa pili, kwani mtu mzima mwenye mpunga mwingi angejenga kwa ajili ya nini kingine? Gazeti likafika, likasomwa dukani, na mkewe alikuwa pale ananunua chumvi. Bwana wee! Mwanamke alikwenda nyumbani akabeba vyungu vyote akarudi kwao, na yule maskini akala mihogo ya kuchoma siku sita. Kumbe nyumba ilikuwa ya shangazi yake kipofu, alikuwa akimleta kutoka Masagati. Nilikwenda kuomba radhi na jogoo mkononi, watu wakacheka, mke akarudi, yakaisha. Nami badala ya kujifunza, nikajiona mtu mkubwa: sentensi yangu moja imehamisha vyungu vya watu!

Sasa nakuja penyewe.

Ilikuwa mwaka wa vita, kabla vita haijafika kwetu. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumehamia Ifakara kutoka Kiberege mwaka uliotangulia, na mama yako alikuwa na siku kumi na moja tangu amzae Agata. Bibi yako, mama yake, alikuja kumtunza. Unajua desturi ya kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawaketi mahali pamoja. Basi bibi yako alipoingia kwa mlango wa mbele mimi nikatoka kwa wa nyuma, nikahamishia mkeka wangu shuleni. Nilikuwa nakuja nyumbani kula tu, nikikohoa toka mbali ili ajifiche. Unaona, hiyo “ili” ni yangu mwenyewe, hiyo nina haki nayo.

Siku hizo hewa ilikuwa imechafuka. Watu walinong'ona habari za maji ya dawa yaliyokuwa yakipita nchi za mashariki, na bomani juu mlimani walikuwa wameanza kuuliza nani kaenda wapi, nani kalala kwa nani. Jioni moja nilishuka hadi ukingoni mwa mbuga, mahali ambapo maji ya mafuriko yalikuwa yakirudi mtoni. Nikakuta wanaume kama arobaini. Walikuwa wanakata miti na kuichonga ncha, na wanawake wanasokota kamba za magome. Babu yako, mkwe wangu, alikuwa miongoni mwao, kifua wazi, shoka mkononi. Waliponiona na kanzu yangu na daftari langu wakanyamaza. Babu yako akainua mkono kunisalimu, nami nikainua wangu. Sikuuliza kitu. Niligeuka nikarudi shuleni nikaandika.

Niliandika hivi, sitasahau hata nukta: “Wanaume wapatao arobaini wa bondeni wamekusanyika penye maji, wanachonga vigingi vyenye ncha ili kuziba njia ya serikali.”

Nikikwambia sikujua walikuwa wakifanya nini, nitakuwa nasema nusu ya kweli. Mimi ni mtu wa mlimani, nimelelewa na wamisionari, na samaki nilimjua akiwa sahanini. Uzio wa kuvulia sikuwa nimepata kuuona. Lakini ndani yangu kulikuwa na sauti iliyosema, muulize mtu kwanza. Sikuitaka sauti hiyo. Nilijua kwamba nikiuliza nitapata jambo dogo, na mimi nilitaka jambo kubwa, nilitaka pwani waseme: mwalimu wa Ifakara ana macho. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Kutojua si dhambi, lakini mimi nilichagua kutojua kwa sababu ya utamu wa sentensi.

Asubuhi nikampa barua tarishi, Mbaraka, yule mrefu mwenye kilemba. Wakati ule barua zote za bonde zilipanda kwanza bomani, zikafunguliwa na kusomwa, ndipo ziteremke pwani. Nalo hilo nililijua.

Nikaja nyumbani kunywa uji, nikasimama nje ya mlango wa chumba cha mama yako nikamsomea nakala yangu, kwa majivuno. Mama yako alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Nani kakuambia hayo?”

“Nimeona kwa macho yangu.”

“Umeona vigingi. Hiyo njia ya serikali umeiona wapi? Baba yangu ni mtu wa uzio tangu ujana wake. Kila mwaka maji yakirudi wanafunga pale, samaki wasiondoke na maji. Watoto wa hapa wote wanajua.” Halafu nikasikia analia. “Watawapiga risasi, baba Beno. Umemwandika baba yangu.”

Katika chumba cha pili chungu kikaanguka. Bibi yako alikuwa amesikia.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa kwa kalamu. Nilifikiri haraka. Mbaraka alikwenda kwa njia ya juu inayozunguka mbuga, angefika kivukoni saa sita. Mtu akikata mbuga kwa mtumbwi, katikati ya majani, angeweza kumtangulia. Lakini mimi na mtumbwi ni maadui, na wanaume wote walikuwa kwenye uzio, mbali upande wa pili. Mwenye mtumbwi na mwenye mikono ya kuuendesha alikuwa mmoja tu katika nyumba ile.

Bibi yako hakungoja niombe, na kwa desturi nisingeweza kuomba. Alitoka amejifunika kanga hadi machoni, akanipita kwa mbali, akashika upondo wake, akashuka majini. Nikamfuata. Aliingia nyuma, nikakaa mbele nimempa mgongo, nikatazama maji. Tukaondoka hivyo, mtu na mama mkwe wake katika mtumbwi mmoja mwembamba, jambo ambalo watu wangelisikia wangelicheka mwaka mzima.

Tulikwenda kitambo, upondo unazama, unatoka. Kisha nikamsikia akizungumza, si na mimi.

“Wewe mtumbwi,” akasema, “hebu muulize huyo aliyekaa mbele yako. Mume wangu kamkosea nini?”

Nikaweka mkono ubavuni mwa mtumbwi nikasema, “Mtumbwi, mwambie mama, hajanikosea kitu.”

“Mtumbwi, muulize tena. Kama hakumkosea, kwa nini kamwandika?”

Mwanangu, nimekaa mbele ya mapadri nikiungama, lakini sijapata kuungama kama nilivyoungama kwa ule mti uliochongwa. Niliuambia mtumbwi kila kitu. Niliuambia habari ya barua ya mkubwa wa gazeti, na ya yule jirani na vyungu vya mkewe, na kwamba nilitaka kusifiwa na watu nisiowajua wanaokaa mahali nisipopajua. Niliposema hilo la vyungu nilisikia upondo umesita, kisha sauti kama ya mtu anayezuia kicheko puani. Halafu tukaendelea kwa kasi zaidi.

Nikajipa moyo. “Mtumbwi,” nikasema, “muulize mama, ule uzio ni wa nini hasa?”

“Mtumbwi, mwambie mwalimu. Uzio ni wa kambale. Kila mwaka ni wa kambale. Ila mwaka huu mzee aliwahimiza wenzake waanze mapema, maji yangali kiunoni, mpaka wakamnung'unikia. Mwambie binti yangu kajifungua na maziwa hayatoshi. Anataka mchuzi wa kambale. Mzee anachonga vigingi ili mjukuu wake anyonye.”

Nilishika pande zote mbili za mtumbwi nikalia, na yeye aliniacha nilie, akaendelea kusukuma.

Tulimkuta Mbaraka kivukoni, ameketi juu ya mfuko wake anatafuna muwa. Nikamwomba anirudishie barua yangu. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na wazimu.

“Mwalimu, mfuko umetiwa lakiri na kupigwa muhuri. Ukishatiwa lakiri si wangu wala si wako, ni wa serikali. Nikiufungua ni viboko hamsa ishirini hapa hapa,” akajipiga matakoni. “Au utakuja kunilalia wewe?”

Nikaapa, nikasihi, nikataja watoto wake. Wapi. Nikaketi chini mchangani, nimekata tamaa. Ndipo kutoka mtumbwini nikasikia ile sauti, ya juu safari hii, kwa hasira.

“Wewe mtumbwi! Hivi kalamu ya wenzetu huandika mara moja tu ikafa?”

Nilikuwa na kalamu ya risasi mfukoni, na nyuma ya daftari la shule kulikuwa na kurasa nyeupe. Nikaandika barua ya pili juu ya goti langu. Sikuweka chochote ambacho sikukiuliza. Niliuliza kwa njia ya mtumbwi, naye akajibu kwa njia hiyohiyo: miti ya aina gani, kamba za nini, ni siku ngapi kazi hiyo huchukua, nani hugawa samaki na kwa mpango gani, na kwamba babu yako aliwaharakisha wenzake kwa ajili ya mzazi. Mwisho nikaandika: “Barua yangu ya kwanza ina mambo niliyoyaona na jambo moja nililolitunga. Nililolitunga ni lile la njia ya serikali. Hakuna aliyeniambia.” Nikatia jina langu. Mbaraka akaisoma kwa shida, herufi moja moja, akaikunja, akaiweka ndani ya kilemba chake.

“Hii haina lakiri,” akasema. “Nitaitoa kichwani wakati ule ule wanapofungua mfuko.”

Na kweli alifanya hivyo, Mungu amrehemu.

Baada ya siku tisa niliitwa mlimani. Wewe uliambiwa nimekwenda kwa kazi ya shule. Nilisimama mbele ya bwana wa boma na mkalimani wake, barua zangu mbili zimewekwa mezani. Nje niliona askari wameketi kivulini na mizigo imefungwa tayari kwa safari ya bondeni. Mkalimani akaniuliza, “Ipi ya kweli?” Nikasema ya pili. “Na ya kwanza kwa nini uliandika?” Nikasema, “Sikumuuliza mtu.” Bwana akazungumza maneno machache. Askari wakafungua mizigo yao, na mimi nikalazwa.

Hamsa ishirini si kitu cha kusimulia. Nilirudi nyumbani siku ya pili yake, na wewe uliniona jioni ile nikila nimesimama, ukaniuliza kwa nini siketi. Nikakujibu, “Ili chakula kishuke vizuri.” Ulikubali, hata wewe ukala umesimama wiki nzima mpaka mama yako akakukemea. Nisamehe. Nilikuwa sijapona maradhi yangu. Lakini nikwambie kweli, matako yaliuma nusu mwezi, moyo ulipona siku ileile niliyoona mizigo ya askari inafunguliwa. Tangu nizaliwe sijapata kulala usingizi mzuri kama ule, na nililala kifudifudi.

Babu yako hakuambiwa. Bibi yako alifunga mdomo, mama yako alifunga mdomo. Mzee alikuja na kambale wawili wa kukaushwa, mmoja wa mzazi, mmoja akaniwekea mimi mlangoni shuleni, akasema, “Kula, mkwe wangu. Mlima umekukondesha.” Nilimla samaki yule mpaka miiba.

Wiki chache baadaye vita ikaja yenyewe, bila kuitwa na barua ya mtu. Unakumbuka moshi na matete tuliyojificha, sina haja ya kukusimulia. Wako waliokunywa maji, wako waliokimbia, wako waliosimama na bunduki za Mdachi. Kila mmoja alikuwa na lake tumboni, na wengi hawapo tena wa kuulizwa. Babu yako alikufa katika njaa iliyofuata, alikuwa akijinyima ili ninyi wawili mle, na hilo naliandika bila woga kwa kuwa alisema mwenyewe mbele yangu. Mwaka uliofuata gazeti lilifika dukani likasema, askari wamechoma mpunga wa bondeni ili kuituliza nchi. Waliniomba niwasomee, nikasoma mpaka penye neno “mpunga”, nikakunja karatasi. Nchi ilikuwa imetulia kweli, maana wenye njaa hawana sauti.

Kupeleka habari nilikatazwa, na nilipokuja kuruhusiwa tena, mkubwa wa gazeti alikuwa mwingine. Nikarudia mtindo wangu wa kitoto: mvua imenyesha, mto umejaa. Nikitaka kuandika mtu amefanya jambo kwa nia gani, naenda kwake nauliza, naandika kwamba yeye mwenyewe asema hivyo. Mara nyingi anajibu tofauti kabisa na nilivyodhani, mara nyingine anajibu uongo, basi naandika uongo wake kwa jina lake. Mara nyingine anasema hajui, na hiyo ndiyo habari tamu kuliko zote, lakini hawaipigi chapa. Habari zangu ni fupi. Mkubwa huyu mpya analalamika, ila ndiye huyohuyo aliyeandika kuomba nimpelekee kijana wangu. Sikumuuliza kwa nini, nimefurahi tu.

Kwa hiyo utakapokaa mezani na barua ya mwalimu fulani wa mbali, ikasema watu wa kwake wamekwenda mahali au wamekusanyika au wamenyamaza, nawe ukaona sentensi inachechemea, mkono utakuwasha kuongeza neno lile. Huenda huyo mwalimu amejizuia kwa shida. Mwachie sentensi yake ichechemee. Au mwandikie, muulize, ungoje miezi miwili. Gazeti litakungoja, au halitakungoja, hayo mtaelewana wenyewe.

Sasa nina la mwisho, na hili linaniuma zaidi ya hamsa ishirini. Juzi dukani mtu aliniuliza unakwenda pwani kufanya nini, nikajibu mbio mbio, “Anakwenda ili aje anitunze uzeeni.” Wewe ulikuwa umesimama pale na gunia la chumvi begani. Niliona ulivyolitua lile gunia, ukatoka nje. Nilirudi nyumbani nikajiuliza jibu lile nimelipata wapi. Tangu barua ya kukuita ilipofika, miezi mitatu sasa, nimekupongeza, nimekushonea kanzu, nimekuombea, nimejisifu kwa majirani wote. Kukuuliza sijakuuliza.

Kesho nitakusindikiza hadi Kiberege. Ni mwendo mrefu, na nimeazimia kukuuliza njiani. Lakini najijua. Huenda tutazungumza habari ya mpunga na ya ndege mpaka tukafika, na barua hii nitakutia mkononi dakika ya mwisho kama mwizi. Ikiwa ndivyo, basi nakuuliza hapa kwa mkono wangu: mwanangu, unakwenda ili nini? Kama ni ili uwe mbali nami kidogo, andika hivyohivyo, sitakasirika. Kama hujui, andika hujui. Na mpaka jibu lako litakapofika, atakayeniuliza nitamwambia nitakachokiona kesho tu: kwamba uliondoka, kama viatu ulivivaa au ulivishika mkononi, kama uligeuka au hukugeuka, na kwamba mimi nilibaki nimesimama njiani hata ulipokuwa huonekani tena.

Baba yako anayekupenda, wa Ifakara.